Waini ya Kunukia Isifike Mezani Inanuka

(Mazungumzo kwa wahudumu, wapishi na watunza stoo wa hoteli za kando ya ziwa, Kigoma)

Ndugu zangu wahudumu, wapishi, kaka zangu wa kaunta na dada zangu wa stoo, habari za asubuhi. Tumewaita saa tatu badala ya saa tisa kwa sababu mbili. Pua ya mtu husikia vizuri kabla jiko halijaanza kukaanga, halafu ikifika alasiri joto la hapa Kigoma linagusa nyuzi 28 au 30. Sisi tumelizoea. Waini haijalizoea.

Mezani mbele yenu kuna glasi mbili zimefunikwa visahani. Zote zina waini ileile, ya mavuno ya mwaka uleule, kutoka katoni moja. Chupa ya kwanza imelazwa kwenye chumba chenye giza na ubaridi. Ya pili imesimama mwezi mzima kwenye dirisha la upande wa ziwa, kama pambo, ikipigwa jua la jioni. Msizifunue bado.

Kiswahili kinatenganisha kunuka na kunukia kwa herufi moja tu. Asumini inanukia, kitambaa cha jikoni cha juzi kinanuka. Waini nyeupe kavu ya kunukia thamani yake karibu yote imo katika hiyo herufi moja. Haina rangi ya kuringia, haina utamu wa kubembeleza, haina uzito wa waini nyekundu. Kilichomo ni harufu na uchachu safi, na harufu ni kitu chepesi: huondoka na joto, huondoka na hewa, huharibiwa na mwanga. Kuanzia shambani hadi kwenye meza yako, kazi ya kila aliyeishika ni kuizuia isitoroke.

Najua wengine humu hamnywi pombe, na Ujiji, mji wa Waislamu tangu zamani, iko hapo jirani, hilo halihitaji maelezo. Hakuna atakayelazimishwa kuonja. Sehemu kubwa ya kazi hii hufanywa na pua, na mhudumu asiyekunywa lakini mwenye pua makini anamshinda mnywaji anayevuta sigara.

Tuanze na neno kavu, maana ndilo linaloleta ugomvi mezani. Mgeni anasema “nataka drai”, na wengi wetu tunaelewa anataka kitu kikali. Kavu si kali. Maana yake ni kwamba hamira imekula karibu sukari yote ya zabibu na kuigeuza pombe. Kwa sheria za Umoja wa Ulaya, waini huitwa kavu ikiwa imebakiza sukari isiyozidi gramu 4 kwa lita. Uchachu ukiwa mwingi huruhusiwa kufika hadi gramu 9, kwa kuwa uchachu huufunika utamu. Soda ya kola ina kama gramu 100 kwa lita, pimeni wenyewe. Sasa shida inakuja pale mgeni anapoinusa glasi, pua ikasikia pichi, ganda la chungwa na ua, ikamwambia kwamba tamu inakuja. Akimeza, tamu haipo. Anairudisha chupa akisema imeharibika. Haijaharibika, ila hakuambiwa. Mwambie kabla hujafungua: “Inanukia matunda, lakini haina sukari.” Ukilisema hilo mapema umeokoa chupa nzima.

Zabibu za waini ya namna hii ziko kadhaa, na nyingi zinapenda pwani. Leo tumechagua Albariño ya shamba moja, ya eneo la Rías Baixas, Galicia, kaskazini-magharibi mwa Hispania, mahali ambapo Bahari ya Atlantiki imeingia nchi kavu kwa mikono mirefu ya maji ya chumvi. Ile ñ isiwatishe, ni ny yetu ya nyanya: albarinyo. Eneo hilo lilipata ulinzi wa jina lake kisheria mwaka 1988, na lina kanda ndogo tano. Kanda iliyoikumbatia bahari ni Val do Salnés, na mji wake, Cambados, una sikukuu ya Albariño iliyoanza mwaka 1953. Ng’ambo ya mto Minho, upande wa Ureno, zabibu hiyohiyo huandikwa Alvarinho; mkiona lebo hiyo msidhani ni kitu kingine.

Na “shamba moja” je? Wapo wanaoyaandika maneno hayo kwenye lebo kujipamba tu, tusifichane. Lakini yakiandikwa kwa haki yana uzito. Kiwanda kinachonunua zabibu kwa wakulima wengi huchanganya: shamba lililonyeshewa vibaya hufunikwa na lililopata jua. Mwenye shamba moja hana pa kujificha. Mvua ya Septemba ikimkuta kabla ya kuvuna, mvua hiyo imo chupani. Kwa hiyo mwaka ulioandikwa kwenye lebo usomeni kwa makini, na msimuahidi mgeni kwamba mavuno haya yatafanana na yale aliyokunywa safari iliyopita.

Pwani ile ni ya mvua kwelikweli. Hupata milimita 1,600 kwa mwaka na zaidi, wakati hapa mjini kwetu ni kama 1,000. Mzabibu na unyevu hawapatani: ukungu hushika majani, na mashada yaliyobanana huoza rangi ya kijivu. Wakulima wa kule wana majibu mawili. La kwanza ni kupandisha mizabibu juu ya chanja, kama mnavyoona chanja ya pasheni, ila nguzo zake ni za jiwe la granite na mtu hupita chini yake akiwa wima. Upepo wa bahari unapita chini na juu, majani yanakauka. La pili ni mrututu, ile dawa ya shaba, na salfa. Mrututu una kipimo chake, kwani shaba haiozi, inabaki ardhini. Ulaya sasa wanaruhusu kilo 28 za shaba kwa hekta katika miaka 7, yaani wastani wa kilo 4 kwa mwaka. Udongo wenyewe ni mchanga wa granite iliyosagika, hautuamishi maji. Bila hilo mvua yote ile ingeozesha mizizi.

Watu husema waini hizi zina chumvi ya bahari. Nusu ni kweli, nusu ni maneno ya wauzaji. Marasharasha ya bahari hukaa juu ya ganda la zabibu, hilo linawezekana. Lakini chumvi ikizidi udongoni mzabibu hukauka majani pembeni na mwishowe hufa, kwa hiyo msifikirie mizizi inafyonza bahari na kuileta kwenye glasi. Ule mguso wa chumvi mnaousikia pembeni mwa ulimi unatokana zaidi na uchachu mwingi usio na sukari ya kuupoza. Bahari mchango wake mkubwa ni ubaridi. Joto likizidi, zabibu hutumia uchachu wake yenyewe ikiwa bado mtini, na harufu nyepesi huondoka nao. Atlantiki inazuia hilo. Ndiyo sababu waini nyeupe ya zabibu za Chenin blanc ya Dodoma, ambako mizabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka chini ya jua kavu, haiwi nakala ya Albariño, wala haina haja ya kuwa. Ipokeeni kwa sifa zake. Namna ya kuitunza na kuihudumia ni hii hii tunayoisema leo.

Sasa njooni tusimame kwenye kikamulio, maana hapa ndipo pesa nyingi hupotea.

Zabibu huvunwa kwa mkono, asubuhi, kwenye kreti zisizozidi kilo 20. Mbona ndogo hivyo? Kreti ikiwa ya kilo 50, mashada ya chini yanapasuka kwa uzito, maji yanavuja, hewa inayagusa, yanaanza kugeuka kahawia kama ndizi uliyoimenya ukaiacha. Bakteria nao hawasubiri. Zikifika zikiwa nzima na baridi, mtengenezaji anaweza kuziponda kidogo na kuacha maji yakae na maganda saa 4 hadi 8, kwenye nyuzi kama 10. Harufu ya Albariño imekaa chini ya ganda, kwa hiyo saa hizo chache huitoa. Akisahau hadi kesho yake, au ubaridi ukikosekana, ganda linatoa na ukakasi, ule wa ganda la ndizi mbichi, na hakuna dawa nzuri ya kuuondoa bila kuondoa harufu pia.

Kisha kukamua. Katika kilo 100 za zabibu hutoka lita 60 hadi 65 nzuri. Kikamulio cha mfuko wa hewa hujaa polepole, hulegezwa, zabibu zikageuzwa, kikajazwa tena, kwa saa mbili tatu. Lita za mwanzo huja karibu zenyewe na ndizo zenye usafi. Kadiri unavyozidi kubana ndivyo mbegu na vikonyo vinavyochangia uchungu. Mwenye tamaa anaweza kupata lita 75, ila zile 10 za mwisho zitaziharibu 65 za kwanza akizichanganya.

Maji hayo huwekwa kwenye tangi baridi saa 12 hadi 24 ili mashapo yatuame. Yakibaki machafu sana, hamira itatoa harufu nzito isiyopendeza. Yakisafishwa kupita kiasi, hamira inakosa chakula na kuchoka njiani. Anayejua kazi huyaacha na ukungu mdogo, kama maji ya tatu ya kuosha mchele.

Halafu hamira inatiwa, na hapa kuna hesabu ya kukumbuka: gramu 17 za sukari katika lita hutoa takriban asilimia 1 ya pombe. Maji yenye gramu 210 kwa lita huishia asilimia 12 na ushee. Lakini sukari haitoi pombe peke yake, hutoa na gesi. Lita moja ya maji hayo hupumua zaidi ya lita 40 za gesi kabla haijatulia. Gesi hiyo ikitoka kwa kasi hubeba harufu na kuondoka nayo. Ndiyo maana tangi hupozwa libaki nyuzi 14 hadi 17, na kazi ambayo kwenye joto ingeisha siku nne tano huvutwa wiki mbili hadi tatu. Ukiingia kwenye ghala linalonukia matunda kila kona, usisifu haraka: kinachonukia ghalani hakimo tena tangini.

Ubaridi nao una hatari zake. Tangi likishuka sana, hamira inalala, sukari inabaki nusu, na waini haiwi kavu wala tamu. Na hamira iliyonyimwa naitrojeni hutoa harufu ya mayai viza. Ikigundulika mapema, mtengenezaji huongeza chumvi za amonia na kuitia hewa kidogo, ikaondoka. Ikigundulika mwishoni, hutumia shaba kwa kipimo cha nusu miligramu kwa lita au chini yake. Shaba hiyo huua mayai viza, na wakati huohuo hung’oa sehemu ya harufu ya balungi na karakara, maana zote ni jamaa wa salfa. Dawa inayoponya na kukata kiungo.

Baada ya hapo waini hukaa na mashapo ya hamira miezi kadhaa kwenye tangi la stenlesi, ikapata unono kidogo mdomoni. Pipa la mbao wengi hawaligusi, kwa sababu mbao huleta harufu yake ya vanila na moshi na kuifunika ile ya zabibu. Ukungu wa protini huondolewa kwa udongo wa bentonaiti. Salfa hutiwa kabla ya chupa, ibaki kama miligramu 25 hadi 35 kwa lita iliyo huru, kuzuia hewa na bakteria. Lebo lazima itaje salfaiti, yaani salfa hiyo, na mgeni mwenye pumu ana haki ya kuonyeshwa maandishi hayo akiuliza.

Kuna jambo moja la kiwandani ambalo litawafuata mpaka huku. Zabibu ina chumvi yake ya asili, tindikali ya tatariki iliyoshikana na potasiamu. Waini ikipoa sana, chumvi hiyo hujitenga na kutua chini kama chembe za kioo. Viwanda vingi huipoza waini hadi karibu nyuzi 4 chini ya sifuri kwa siku kadhaa ili chembe zibaki huko, wengine hawafanyi. Mgeni ataona chembe, atasema mmempa vipande vya glasi. Usibishane. Chukua chembe mbili kwenye kijiko, zisugue kwa kidole mbele yake: zinasagika kama sukari guru na zinaonja ukali wa ndimu. Glasi haisagiki. Kisha mmiminie taratibu, chembe zibaki chini.

Haya, chupa imeshafungwa. Inakuja Kigoma. Kutoka Dar es Salaam kwa Reli ya Kati ni zaidi ya kilomita 1,200, na kwa barabara basi au lori hupita juani siku nzima. Katoni likikaa juu ya injini, au ndani ya kontena lililosimama juani, waini inafika nyuzi 40 na zaidi. Inapanuka, inasukuma kizibo, inavuja tone, ikipoa inavuta hewa ndani. Kwa hiyo stoo msipokee katoni kwa kuhesabu chupa tu. Pitisha kidole gumba juu ya shingo: kizibo kiwe sawa na mdomo wa chupa, kisiwe kimeinuka. Gusa foili: ikinata kuna tone lililopita. Inua chupa mbili tatu kwenye mwanga, linganisha kimo cha waini. Moja ikiwa chini kuliko wenzake itenge. Mkiweza kuchagua, agizeni zenye kizibo cha kuzungusha. Wapo wateja wanaoona ni cha bei rahisi. Kwa safari hii na joto hili, ndicho bora, na waini ya kunukia haikihitaji kizibo cha gome.

Tazameni na mwaka. Nyingi za aina hii ni za kunywewa ndani ya miaka mitatu tangu mavuno. Zipo Albariño zilizokaa muda mrefu na mashapo ambazo hustahimili mitano na zaidi, lakini hizo huuzwa kwa bei yake na muuzaji hukosi kumsikia akizitaja. Chupa ya kawaida ya miaka sita iliyopunguzwa bei si bahati.

Stoo iwe mbali na jiko, mbali na jenereta, bila dirisha la jua. Waini huvumilia nyuzi 22 zisizobadilika kuliko 15 za usiku na 30 za mchana. Umeme ukikatika, usifungue friji kuangalia kama bado kuna baridi. Kwa kuangalia umeshaitoa. Kwa chupa chache, mtungi mkubwa wa udongo wenye mchanga uliolowa, ukafunikwa gunia bichi, hushusha nyuzi kadhaa miezi ya kiangazi, Juni hadi Septemba. Masika hewa ina unyevu mwingi, mtungi hausaidii sana. Na rafu za mbao za stoo hiyo msizioshe kwa dawa ya klorini. Klorini ikikutana na ukungu wa mbao au katoni hutengeneza uvundo uleule unaoharibu vizibo, na ukishaingia chumbani kuutoa ni kazi.

Ipelekwe mezani ikiwa nyuzi 8 hadi 10. Friji nyingi ziko 4 au 5, na kwa ubaridi huo pua haisikii kitu, kwa hiyo itolewe dakika 10 au 15 kabla. Kosa la upande wa pili ni la kawaida zaidi: chupa imetoka stoo, mgeni ameshakaa. Ndoo yenye barafu tupu inapoza polepole, kwa kuwa kati ya mapande kuna hewa. Jaza barafu nusu, maji nusu, maji yafike shingoni: kutoka nyuzi 28 hadi 10 ni dakika 20 hadi 25. Ongeza kikombe cha chumvi, ukoroge, utakuwa tayari kwa kama 15. Friza ni ya mtu mwenye saa mkononi. Waini ya asilimia 12 huanza kuganda karibu nyuzi 5 chini ya sifuri, inasukuma kizibo, au chupa inapasuka juu ya nyama ya mpishi.

Sasa angalieni mikono. Chupa imesimama mezani, haipakatwi. Kata foili chini ya ule ukingo wa pili wa shingo, siyo juu yake, ili waini isipite kwenye foili. Futa mdomo kwa kitambaa safi kikavu. Ncha ya kizibuo iwekwe kidogo pembeni mwa katikati, kwa sababu chuma chenyewe kimejipinda. Ukianza katikati kabisa kitaishia ubavuni. Zungusha mkono, chupa itulie. Acha pete moja ya chuma ibaki nje, usitoboe kizibo mpaka chini, vipande vitaanguka ndani. Nyanyua kwa hatua mbili, na sentimita ya mwisho tumia vidole, kitoke kwa pumzi ndogo, bila mlio wa bastola. Futa tena. Mimina kidogo, kama vijiko viwili, kwa aliyeagiza.

Kabla hujampa, inuse wewe. Usinuse kizibo, kizibo hunukia kizibo. Nusa glasi mara mbili fupi. Inavyopaswa kuwa: pichi, ganda la ndimu, balungi, ua jeupe, kitu kama mawe yaliyonyeshewa. Ukisikia katoni lililolowa mvua likakaa stoo wiki nzima, hiyo ni kizibo kibovu. Kiini chake hutosha kuharibu kikiwa sehemu chache za bilioni ya gramu kwa lita. Hakidhuru mtu, lakini chupa hiyo haiuzwi, na ukiiacha ipumue inazidi. Ukisikia tofaa lililopondeka, na rangi imeelekea kahawia, hewa imeingia. Siki au rangi ya kucha ni bakteria. Kabichi iliyochemshwa kwenye chupa ya kioo cheupe ni mwanga, wa jua au wa taa nyeupe ndefu za kwenye friji za maonyesho. Harufu ya kiberiti kilichowashwa, hiyo msiiogope: izungushe glasi dakika mbili, mara nyingi hutoka yenyewe.

Na kuna kosa ambalo halimo chupani kabisa. Glasi iliyofutwa kwa kitambaa kilichokausha sahani za samaki ina shombo. Glasi iliyopinduliwa juu ya rafu mpya ya mbao imefungia harufu ya vanishi. Sabuni ya limau isiyosuuzwa vizuri inaua kila kitu. Suuza kwa maji moto matupu, ning’iniza ikauke, na kabla ya kumimina inuse ikiwa tupu. Ikiwa tupu isinukie wala isinuke. Na manukato yenu, ndugu zangu, yabaki ya sherehe. Huwezi kuhudumia harufu ukiwa umevaa nyingine kali kuliko hiyo.

Chakula. Wapishi mlikuwa mnasubiri hapa. Dagaa wabichi wa Kibirizi waliokaangwa wakakauka, wenye chumvi ya kutosha: hapa hamna cha kutafuta zaidi. Chumvi hulainisha uchachu, uchachu hukata mafuta, mgeni anarudia. Kuhe wa kuchoma ni mwenzake mwingine, ila mpunguzieni ndimu. Samaki akiwa mchachu kuliko waini, waini inaonekana maji. Pilipili kali pelekeni pembeni, kwa sababu pombe huongeza moto wake mdomoni. Mchuzi uliotiwa sukari au embe tamu huifanya waini kavu ionekane siki.

Migebuka kwa mawese ni kesi ngumu, na nitasema wazi ninavyoona. Mawese yetu yana harufu yake nzito nzuri, na Albariño ya shamba moja haiishindi. Uchachu utasafisha mafuta, sawa, lakini harufu mliyoilipia imezama. Kwa sahani hiyo mshaurini mgeni achukue waini nyeupe ya bei nafuu, hata ya Dodoma, baridi sana. Vivyo hivyo migebuka ya kukaushwa kwa moshi. Mgeni aking’ang’ania waini nyekundu na samaki, mpeni, mteja ni mfalme. Lakini mjue kwa nini atakunja uso: madini ya chuma, ambayo mara nyingi yamezidi kwenye nyekundu, huamsha shombo kwenye mafuta ya samaki, hata samaki wa leo asubuhi.

Mwisho hesabu ya kaunta. Chupa ya mililita 750 hutoa glasi 6 za 125 au 5 za 150. Kwa joto letu chukueni 125, ijazwe theluthi ya glasi, ishikwe mguuni. Glasi kubwa inapashwa moto na hewa kabla mgeni hajaifikia nusu. Ukijua hutauza chupa yote leo, usisubiri ifike robo. Palepale unapoifungua, jaza nusu yake kwenye chupa safi ndogo ya mililita 375 mpaka shingoni kabisa, ifunge, iweke friji: hiyo itakaa siku tatu nne ikiwa bado inanukia. Nusu iliyobaki ndani ya chupa kubwa ina hewa nyingi kuliko waini, kesho kutwa mpe mpishi aitie kwenye mchuzi. Zile pampu za kunyonya hewa sizipendi kwa waini hii, zinanyonya na harufu.

Sasa sogeeni. Mmoja mmoja, glasi ya kushoto kwanza, halafu ya kulia. Funua kisahani, nusa mara mbili, funika, usiseme neno mpaka wote mmepita. Kisha kila mtu aandike kwenye karatasi ipi ilikaa dirishani, na alijuaje.